Mume wangu anataka kamera nane, mama mkwe hataki hata moja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la nne na mwingine hajatimiza mwaka. Tunaishi Goba, kwenye nyumba yetu wenyewe, tuliyohamia mwaka juzi hata rangi haijapigwa. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita. Anakaa huko wiki sita, nyumbani anakuja wiki mbili. Kwa hiyo siku nyingi tupo mimi, watoto, mama mkwe na dada wa kazi ambaye yuko nasi huu mwaka wa tatu.

Mwaka huu tumeibiwa mara tatu. Mwezi wa pili waliruka ukuta wa nyuma, upande wa kiwanja ambacho hakijajengwa, wakang'oa pampu ya maji iliyokuwa chini ya simtanki. Mwezi wa tano tuliamka tukakuta gari halina vioo vya pembeni, vyote viwili. Na majuzi mtungi wa gesi, ule mkubwa, umetoweka kwenye kibaraza cha jikoni mchana kweupe, mimi niko kazini, mama mkwe amelala. Nilipompigia mume wangu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Muulize dada." Nikamuuliza. Alilia siku nzima, na mpaka leo ananisalimia akiangalia chini.

Sasa mume wangu kaamua tufunge kamera, na kazi ya kutafuta mafundi kaniachia mimi. Wa kwanza kaniandikia kamera nane za waya na DVR, ile mashine inayorekodi picha, milioni moja na laki sita. Wa pili kasema waya ni mambo ya zamani, nichukue nne za wifi, nitaona kila kitu kwenye simu hata nikiwa Dodoma. Wa tatu anauza zile za sola zinazowekwa laini ya simu. Mimi nina laki tisa. Umeme kwetu unakatika bila taarifa, na intaneti ni ruta ya bando. Likiisha, tunasubiri mshahara.

Kuna na hili la ndani. Mume wangu ameshanunua kamera moja ya wifi, ile inayozungusha kichwa. Anataka ikae sebuleni, nyingine iwekwe jikoni, ili awe anamwona dada akiwa na mtoto. Mama mkwe kasikia, kawaka. Anasema yeye anatawadha bomba la nyuma mara tano kwa siku na hatakubali mtu aliyeko Geita amwangalie amekunja nguo hadi magotini, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Jirani wa mbele naye kanisimamisha: geti lake linatazamana na letu, na wageni wake hapendi warekodiwe.

Nichukue zipi, Shangazi? Na hizo za ndani nikubali?

Mama wa wawili, Goba

---

Marahaba mwanangu, na poleni kwa yote matatu.

Nianze na aibu yangu. Hapa kwangu Tanga nilikuwa na kamera nne. Fundi alizipandisha juu kabisa, chini ya bati, akaniambia huko mwizi hafiki. Kweli hakufika. Alichukua baiskeli mbili na jenereta, akaondoka zake. Asubuhi nikaenda kituoni na video yangu kwenye flashi, kifua mbele. Askari akaiangalia mara mbili, akanigeuzia kompyuta: "Mama, huyu ni nani?" Nilikuwa na dakika tatu za kofia. Hata rangi ya kofia yenyewe sikuijua, maana usiku kamera zile zinatoa picha nyeusi na nyeupe.

Kwa hiyo mwanangu, hesabu ya kamera nane au nne iweke pembeni kwanza. Tuangalie wizi wako.

Pampu haihitaji kamera, inahitaji kizimba. Mwite mchomeleaji atengeneze kizimba cha nondo, akizamishe kwenye zege chini ya simtanki, kiwe na kufuli linalofichwa ndani ya bomba la chuma ili mkasi usilifikie. Kamera ingekuonyesha jinsi pampu inavyong'olewa, lakini maji ungekosa vilevile. Pale nyuma weka pia taa inayowaka mtu akipita. Hayo mawili yafanye kabla ya fundi yeyote wa kamera hajapanda ngazi.

Vioo vya gari na mtungi ndivyo vinavyohitaji jicho. Hapo naona sehemu nne: geti, gari linapolala, ukuta wa nyuma, na kibaraza cha jikoni. Kamera nne. Mwambie fundi akuwekee DVR ya njia nane ingawa kamera ni nne. Tofauti ya bei si kubwa, na siku ukijenga vyumba vya uani hutanunua mashine nyingine.

Sasa lile lililoniangusha mimi. Wataalamu wana kipimo chao: ili sura ya mtu usiyemjua itambulike, kila mita moja ya upana wa picha inatakiwa ipate pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, kama 250. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya, utaona eneo lote inaloliangalia halitakiwi kuzidi mita 7 na nusu kwa upana. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo mafundi wengi wanaifunga kila mahali kwa sababu inameza uwanja mzima, inafikia upana huo mtu akiwa umbali wa mita 3 tu. Akizidi hapo utajua kuna mtu, utajua kavaa kaptura, lakini sura hupati. Lenzi ya milimita 6 inaona eneo jembamba, ila inakuletea sura mpaka kama mita 8.

Kwa hiyo usikubali lenzi ya aina moja kwa zote nne. Getini weka ya milimita 6, itazame pale mtu anapolazimika kupita, mlango mdogo wa geti. Kwenye gari na nyuma ile pana inatosha, kazi yake ni kukuonyesha wametokea wapi na wameelekea wapi. Kibaraza cha jikoni ni kifupi, nacho ile pana inakitosha, kwa kuwa mtu atakuwa karibu. Na kimo kiwe mita 2 na nusu hivi, juu kidogo ya fremu ya mlango. Fundi atakwambia mwizi ataifikia. Akiifikia atakuwa ameshaipa sura yake, na picha iko ndani kwenye diski. Ya kwangu ya juu kabisa ilipona, na haikunisaidia kitu.

Usiku una vituko vyake. Kamera inamulika mwanga ambao jicho halioni, na mwanga huo ukigonga ukuta mweupe ulio karibu au kingo ya paa, unarudi kwenye lenzi na picha yote inakuwa ukungu. Buibui nao wanakupenda: wadudu wanafuata ule mwanga, buibui anafuata wadudu, na ukitazama video unaona utando unacheza kama pazia. Funga ufagio kwenye mti mrefu, pitisha mara moja kwa wiki.

Tuje kwa mafundi wako watatu. Yule wa wifi hakukudanganya, lakini amekuuzia kamera za nyumba isiyo yako. Kamera moja ikirekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kwa siku inajaza gigabaiti 21.6. Nne zinakaribia 87. Zikiwekwa zipeleke picha mtandaoni muda wote, bando lako litakufa kabla ya chai ya saa nne. Unaweza kuziwekea kadi ya memori zirekodi hapohapo, lakini kadi inakaa ndani ya kamera, na mwizi akiing'oa kaondoka na ushahidi mfukoni. Tena kuta za tofali na zege zinakula wifi. Ruta iliyoko sebuleni haitafika vizuri kwenye ukuta wa nyuma, ambako ndiko wanakoruka.

Za sola zenye laini ya simu nazipenda shambani. Mtu mwenye kiwanja Mkuranga kisicho na umeme, achukue hizo asiangalie nyuma. Ila nyingi zinalala ili kutunza betri, na zinaamka zikihisi mtu. Mpaka iamke, sekunde moja mbili zimepita. Mwizi wa vioo vya gari hahitaji nyingi zaidi ya hizo.

Chukua za waya. Watu wengi wanachanganya hapa: DVR haihitaji intaneti ili irekodi. Intaneti ni ya wewe kuchungulia kwenye simu ukiwa kazini. Bando likiisha, kamera zinaendelea na kazi yake usiku kucha. Kwa kamera nne za kasi ile niliyoitaja, diski ya terabaiti 1 inahifadhi siku 11 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani, na ya terabaiti 2 siku 23. Mwambie fundi unataka diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, siyo iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani. Hii inaandika saa 24 bila kupumzika na ile nyingine itakufa mapema. Kuna wanaosifia zile za mtandao zinazopata umeme kupitia waya uleule wa data, na ni nzuri kweli, waya mmoja unakwenda mpaka mita 100. Ungekuwa na milioni na nusu ningekwambia hizo. Kwa laki tisa, nne za analogi za HD, yaani hizi za waya za DVR, zilizofungwa vizuri zinatosha.

Neno "waya" lenyewe lina mtego. Kuna nyaya ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kamera inatumia volti 12, na umeme mdogo hivyo ukisafiri mita 30 kwenye waya dhaifu unafika umechoka: mchana picha ipo, usiku taa zake zikiwaka kamera inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Chukua kisu, kwangua ncha ya waya mbele ya fundi. Ukiona ndani panang'aa weupe, mrudishie roli lake. Na nyaya zipite ndani ya paipu, zisining'inie ukutani kama kamba ya kuanikia.

Umeme. DVR, kamera nne na ruta, vyote kwa pamoja vinakula kama wati 45, yaani uniti moja na kidogo kwa siku kwenye LUKU yako. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (kipimo cha uwezo wake, kimeandikwa ubavuni), zile za kawaida za risasi ambazo hutakiwi kuzimaliza zaidi ya nusu, na inveta ndogo, itakuvusha saa kumi hivi. Huo ni usiku mzima. Usiniambie utaongeza baadaye. Kama breka yako kuu iko kwenye kisanduku cha nje, mwizi mwenye akili anaanza nayo. Ikibidi kamera ziwe tatu ili betri ipatikane, ziwe tatu.

DVR yenyewe ifiche. Wengine wanaiweka chini ya televisheni imewaka taa kama duka, mwizi akiingia anaibeba pamoja na televisheni. Iweke kwenye kabati la nguo la chumbani lililotobolewa matundu ya hewa. Darini usithubutu, joto la bati la Dar litaikaanga diski.

Na muulize fundi saa. Nimeona mashine zaidi ya moja zimeachwa kwenye saa za China, ambako wako mbele yetu kwa saa tano. Mtu anaiba saa nane usiku, video imeandikwa 07:00 asubuhi, kisha wewe unakwenda kumweleza askari asome kwa kutoa saa tano. Mashine isome saa ya Afrika Mashariki, na kila umeme ukikatika kwa muda mrefu uihakikishe.

Nywila weka mwenyewe, kwa mkono wako, fundi akiwa ameangalia pembeni. Mafundi wengi wana nywila moja wanayoiweka kwa wateja wao wote, na akaunti kuu inabaki kwenye simu zao. Si kwamba ni wabaya, wanarahisisha kazi. Ila mwaka 2016 kirusi cha kompyuta kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Kama kirusi kiliweza, kijana wa mtaani aliyewahi kumsaidia fundi wako kubeba ngazi anaweza pia.

Sasa la ndani, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uniandikie.

Usikubali. Mtungi ulikuwa kibarazani, na kamera ya kibarazani itakuonyesha nani kaingia na nani katoka nao, awe dada, awe kijana wa kuzoa taka, awe mtu aliyekuja kwa bodaboda na mtungi mtupu. Kamera ya jikoni isingejibu swali hilo. Hiyo ni ya kumwangalia binti wa watu akipika na kubembeleza mtoto, kwa kosa ambalo hakuna aliyethibitisha kwamba kalifanya. Mumeo yuko mbali na kichanga chake na ninamwelewa, lakini kuna simu ya video, apige saa moja jioni amwone mtoto akiwa mikononi mwako.

Na picha za ndani haziishii Geita. Mwaka 2023 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliifungulia mashtaka Ring, kampuni ya kamera za nyumbani iliyo chini ya Amazon. Mashtaka yalisema mfanyakazi mmoja alikuwa amefungua maelfu ya video za wateja wanawake, kamera zikiwa sehemu kama vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mwonyeshe mumeo aya hii. Kwetu nako Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ina tume yake, na ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sisemi dada atakupeleka mahakamani. Nasema anaishi kwako, na kwake usiku huu ni hapo.

Hizo nne za nje mwambie zipo wapi na zinaona nini, umwambie kabla hazijafungwa. Sauti izimwe zote. Na la mtungi, mwanangu, lile ulilomuuliza ukiwa umechukizwa, rudi ukakae naye umalize. Hilo halina fundi.

Ile kamera ya kuzungusha kichwa aliyokwisha nunua mumeo msiitupe, asije akajiona mjinga. Iwe ya safari. Mkienda kijijini Desemba wote, nyumba tupu, iwasheni iangalie sebule na mlango wa chumba chenye DVR. Mkirudi, inachomolewa na kurudi kwenye boksi lake. Usiiweke dirishani itazame nje, kioo kitaipofusha usiku.

Mama mkwe ana haki yake, na dawa yake ipo ndani ya mashine. DVR nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha, unachora mraba mweusi na hapo hapaonekani wala hapahifadhiwi. Ziba bomba lake la kutawadhia. Kisha usimwambie kwa mdomo, mkalishe mbele ya televisheni, umwache dada asimame bombani, ajionee mwenyewe kwamba pale pana giza. Lango la jirani zibeni hivyo hivyo, umwite kwenu aone.

Tena DVR inaunganishwa na televisheni kwa waya mmoja, bila intaneti wala simu. Mpe mama mkwe rimoti na umwonyeshe jinsi ya kuleta geti kwenye skrini. Mtu anayeshinda nyumbani na anawajua watu wote wa mtaa, ni nani atamzidi kwa ulinzi?

Fundi usimlipe yote. Bakiza theluthi mpaka giza liingie. Saa mbili usiku, taa zimezimwa, muombe jirani yule wa mbele avae kofia, aingie kwa mlango mdogo wa geti, apite hadi kwenye gari, atoke. Mama mkwe awe mbele ya televisheni aseme ni nani. Akishindwa, fundi apande ngazi tena.

Shangazi